Tumbo la Bernadina na Nyumba ya Scolastica

Kwetu Tumati, huku Mbulu, mwezi wa kumi na mbili hauna Jumamosi ya kupumzika. Watoto wanapata komunio, vijana wanafunga ndoa kwa sababu ndugu wa Arusha na Dar es Salaam wamerudi, marehemu wa kujengewa makaburi wanangojeshwa mpaka mwezi huo huo, halafu inakuja Noeli yenyewe, halafu Mwaka Mpya. Kila sherehe ina ng'ombe wake au mbuzi wake. Mtu ambaye Oktoba nzima alikuwa anakula makande na mboga za majani, sasa anakula nyama siku kumi na tano mfululizo. Ikifika Januari zahanati inajaa. Wengine wamefunga choo, wengine wanaharisha, wengine wanajishika kifua wakidhani ni moyo, kumbe ni pilau.

Mimi nimepika kwenye sherehe hizo miaka ishirini na mbili, nyuma ya wifi yangu Bernadina, mke wa kaka yangu Felician. Yeye ndiye mpishi. Mimi ni wa kumenya na kukoroga. Ninaandika habari zake kwa sababu watu wengi walizisikia nusu, na nusu ile ilimuumiza mtu mwingine. Nilimwomba ruhusa. Alinijibu, "Andika tu wifi, mimi nimechoka kueleza."

Bernadina ana miaka hamsini na sita. Ni mfupi, mwembamba, mwenye mikono mirefu kuliko mwili wake. Alijifunza kupika kwa masista alipokuwa msichana, akiosha vyombo huku anatazama. Anaweza kukupikia wali wa watu mia tatu kwa kuni mbichi na mvua juu, na ukoko usizidi unene wa kidole. Hapimi chumvi. Anaudondosha mchuzi kwenye kiganja, anaonja, anasema "bado" au anasema "tosha". Katika kata yetu watu wakipanga harusi wanamuuliza yeye kwanza kama ana nafasi, ndipo wanaenda kwa paroko.

Lakini mpishi hali. Hilo wageni hawalijui, wanadhani sisi wa jikoni tunashiba kuliko wote. Tunaamka kabla ya jogoo, tunakunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi, basi. Kuanzia hapo ni kuonja. Tone la mchuzi wa pilipili, kipande cha ini, kijiko cha kachumbari, tumbo likiwa tupu. Chakula chenyewe unakipata saa kumi jioni, kimepoa, mafuta yameganda juu, na unakila chote mara moja ukiwa umesimama. Na mgongo ukimkaza kwa kuinua masufuria, Bernadina alikuwa anameza vidonge vya maumivu vya dukani, viwili viwili, kama mtu anayekula karanga.

Mwaka juzi mwezi wa tisa tumbo likamkataa. Alisikia moto chini ya kifua, akawa anaamka kwa maumivu, akala maziwa mgando mchana kutwa kwa sababu sisi wote tunaamini maziwa yanaponya. Mwisho akaenda zahanati peke yake, bila kumwambia Felician wala mimi. Pale yuko muuguzi Evaline, msichana mpole wa Bukoba aliyepangiwa kazi kwetu, naye yuko jumuiya moja ya kanisa na sisi. Alimwambia ni dalili za vidonda vya tumbo. Akampa dawa na masharti: ale kidogo kidogo mara nyingi, aache pilipili, soda, nyama ya mafuta na pombe, na vile vidonge vya maumivu asiviguse kabisa.

Bernadina aliyashika masharti, ila aliyashika kwa siri. Alihesabu hivi: nani atamwita mpishi mgonjwa wa tumbo aje kupika? Watu watasema chakula chake kimemshinda mwenyewe.

Sasa, siku ya pili ya Noeli jumuiya yetu ya Mtakatifu Ana ina desturi. Baada ya ibada tunatembelea nyumba za wanajumuiya zote, ziko kumi na moja. Tunafika, tunasali kifupi, tunakula, tunaondoka kwenda nyingine. Kila nyumba tunakula. Hakuna kusema nimeshiba. Anayekataa sahani anakuwa amesema neno juu ya nyumba ile, na neno lenyewe kwetu ni baya sana, kwamba mkono wa mama wa hapo si salama. Kwa hiyo tunakula. Tukifika nyumba ya saba wanaume wamefungua mikanda, sisi tumelegeza vitenge, na bado mwenye nyumba analalamika, "Jamani mmeonja tu, ongezeni!"

Mwaka huo wa juzi nyumba ya sita ilikuwa ya Scolastica. Huyu ni mjane, mdogo kwetu kwa miaka kama kumi, anafuga ng'ombe wawili wa maziwa na anauza mtindi siku ya gulio. Mume wake alifariki kwa ugonjwa wa tumbo kuvimba, miaka michache nyuma. Alitupikia vizuri siku ile, mbuzi wa kukaanga na ndizi.

Bernadina alikuwa amejiandaa. Ndani ya kitenge alificha kifuko cha nailoni, kile cha kufungia chumvi, na katika kila nyumba alitafuna kipande kimoja, vingine akavitumbukiza humo. Nyumba tano hakuna aliyemwona. Kwa Scolastica alipoinuka kwa sala ya mwisho kifuko kilichomoka, kikaanguka uani mbele ya watu wote, kikapasuka. Nyama ikamwagika. Akaja mbwa wa pale nyumbani, akanusa kipande kimoja, akanusa cha pili, akageuka akaenda kulala chini ya ghala.

Mbwa yule alikuwa anakula mifupa tangu mkesha. Tumbo lake lilikuwa limejaa kama pipa. Lakini nani alifikiri hilo? Mtu mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, "Hata mbwa!"

Basi. Neno likaanza safari yake.

Hakuna aliyemtukana Scolastica. Ingekuwa matusi angejibu. Watu walianza tu kuwa na haraka wakipita kwake. Akiwakaribisha chai wanasema wamefunga, wanasema wako kwenye dawa, wanasema tumetoka kunywa sasa hivi. Wateja wa mtindi walihamia kwa mama mwingine wa upande wa pili wa gulio. Mwezi wa sita binti yake alipata komunio, akapika chakula cha watu sitini. Walikuja kumi na wanne, na wengi wao walikuwa ndugu zake kutoka Katesh. Mimi nilikuwepo. Nilikula, lakini nilikula nikiomba moyoni, na Mungu anisamehe kwa sala ile, maana ilikuwa sala ya kumshuku mwenzangu. Sikujua habari ya vidonda. Nilichokiona ni kwamba wifi yangu, mtu wa haki, alikataa nyama ya nyumba ile, nikasema lazima ana sababu.

Bernadina mwenyewe hakujua lolote. Habari kama hizo zinamzunguka yule aliyezianzisha, hazimfikii. Alikuja kujua wakati wa kuvuna vitunguu saumu. Alipita kwa Scolastica na kidumu kununua mtindi, akamkuta anafagia. Mazungumzo yao alinisimulia baadaye mara nyingi, hata nayajua kama sala.

"Hodi hapa."

"Shikamoo dada," Scolastica alisema bila kuacha kufagia.

"Marahaba. Nipe mtindi lita mbili mdogo wangu."

"Wa kumpa nani?"

"Wa kunywa nyumbani."

Scolastica akasimama na ufagio. "Na wewe unakuja kununua sumu?"

"Sumu gani?"

"Usinifanye mtoto, dada. Nyama yangu uliifunga kwenye nailoni kama ushahidi wa polisi. Kama ulikuwa na neno na mimi si ungeniambia? Mume wangu alikufa mikononi mwangu kwa tumbo, nikamlilia, leo wanasema nilimlilia mtu niliyemuua mwenyewe. Kwa sababu yako. Chukua kidumu chako."

Bernadina alirudi na kidumu kitupu akakaa kwenye mawe ya shamba letu. Hakunieleza siku ile. Alisema ni jua limempiga. Lakini tangu hapo hakulala vizuri, na akarudi kuonja mchuzi kwa fujo, na mgongo ulipouma akameza vile vidonge tena. Nadhani alikuwa anajiadhibu, ingawa yeye anasema alisahau tu.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana choo chake kikawa cheusi kama lami. Akaanguka jikoni. Felician alitafuta gari, tukampeleka hospitali Mbulu mjini kwenye baridi na ukungu, mimi nikiwa nimempakata kichwa. Kule wakasema kidonda kimevuja damu. Wakamwongeza damu, wakampa dawa, akakaa siku tisa. Ndani ya siku hizo tisa ndipo aliponieleza yote, vidonda, kifuko, kidumu, yote, akiwa ameangalia ukutani.

Tuliporudi tukakuta neno limekua. Sasa walikuwa wanasema, "Si mnaona? Kipande kimoja tu alichomeza kwa yule mama, angalia kilivyomfanya." Mwaka mzima umepita, jamani! Lakini uvumi hauna kalenda.

Muuguzi Evaline alikuja kumtazama nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, akasema kwa sauti yake ile ya upole, "Shikamoo mama. Sasa sikukuu zinakuja, na mimi ninakuogopa."

"Marahaba mwanangu. Unaniogopa mimi?"

"Ninaogopa tumbo lako. Kidonda bado kibichi. Dawa ya asubuhi unameza nusu saa kabla ya kula. Unakula viazi, maboga, uji, ndizi laini, samaki ukimpata. Sahani ndogo, unatafuna polepole, unamaliza, unapumzika. Nyama ya kukaanga hapana. Soda hapana. Togwa kali, pombe, hapana. Vidonge vya mgongo, ndiyo hapana kabisa."

"Na maziwa?"

"Maziwa yanapoza kidogo, halafu moto unarudi. Usiyategemee kama dawa."

"Yaani hata maziwa," Felician alisema. Alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Mtu wa Mbulu bila maziwa na nyama, atabaki na nini? Atabaki mtu wa wapi?"

"Atabaki mzima, baba," Evaline alisema. Kisha akamgeukia Bernadina. "Mama, kikivuja tena tukiwa na barabara za mvua hizi, sijui kama gari litafika."

Felician akageuka kutazama mawingu. Barabara yetu Desemba mnaijua, hata bodaboda wanasukuma.

Evaline alipoondoka Bernadina akaniambia, "Wifi, siku ya pili ya Noeli nitakwenda kwa Scolastica, nitakula sahani nzima ya nyama mbele ya watu."

"Umesikia alichosema huyu mtoto?"

"Nimesikia."

"Utajiua."

"Yule nimemuua tayari. Anatembea tu."

Nikamwambia aseme ukweli basi, asimame kwenye jumuiya aseme nina vidonda, ndiyo maana nilificha nyama. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekwisha kulipima jambo pande zote. "Nikisema tumbo langu linavuja damu, watasema ni nini kilichokuvujisha? Watasema ni yeye. Nitakuwa nimempigilia msumari. Maneno yangu hayawezi kitu wifi. Wao waliona kwa macho nyama inakataliwa. Lazima waone kwa macho nyama inaliwa."

 Nilisali novena yote nikimwomba Mungu mvua inyeshe siku hiyo, ziara ifutwe. Ndiyo imani yangu ilivyokuwa ndogo, kuomba mvua badala ya kuomba ujasiri.

Mvua ilinyesha tarehe ishirini na nne na ishirini na tano. Tarehe ishirini na sita jua likatoka.

Tulikuwa watu arobaini hivi, na mwenyekiti wetu Onesphory mbele na daftari lake la ratiba, mtu wa saa sana, aliyewahi kuwa karani. Nilikuwa nimechoka hata kabla ya kuanza. Tulikuwa tumepika harusi mbili wiki ile bila Bernadina, miguu yangu imevimba, na tumbo langu mwenyewe limejaa gesi ya maharage na soda. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, Bernadina alikaa karibu nami na mimi nikala vyake na vyangu. Sahani mbili nyumba tatu, hesabu mwenyewe. Nyumba ya nne, safari hii, ilikuwa ya Scolastica.

Alikuwa amefagia uwanja mpaka ukawa kama meza. Mabenchi yamepangwa. Nyama ipo kwenye sinia kubwa, wali upo, na yeye amesimama kando ya mlango na kanga mpya, hatabasamu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," alijibu. "Karibuni. Najua mna haraka."

Onesphory aliongoza sala fupi kuliko zote za siku ile. Kisha sahani zikagawanywa, na watu wakaanza kuzigeuza geuza mapajani kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Wali uliguswa. Nyama haikuguswa. Mzee mmoja akasema, "Mimi daktari kanikataza nyama nyekundu," na mwenzake akamwambia, "Kakukataza saa ngapi, nyumba iliyopita umekula figo zote!" Watu wakacheka kwa kujificha.

Bernadina akainuka. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye sinia, akachukua sahani, akajaza nyama. Ya mafuta, ya mbavu, akaiweka mpaka ikawa kilima. Akarudi akakaa katikati, pale kila mtu anamwona.  Akachukua kipande, akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho.

Evaline alisimama kutoka benchi la nyuma. "Mama," alisema.  Muuguzi hawezi kutangaza habari za mgonjwa, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Scolastica aliona. Alimwangalia muuguzi, akamwangalia Bernadina, akayaangalia yale macho yaliyofumbwa. Akavuka uwanja haraka, akamshika mkono kabla kipande hakijafika mdomoni.

"Kwa nini nesi wa watu analia?"

"Niache nile," Bernadina alisema.

"Nimekuuliza."

"Scolastica, niache nile. Nimekuja kula kwako."

"Unakula kama mtu anayekunywa dawa ya panya! Mbele ya watu! Unataka waseme nini, eh? Dada, safari hii sema. Kama una neno na mimi liseme hapa hapa."

Bernadina akaweka kipande chini. Akajifuta vidole kwa kitenge, halafu akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Nina vidonda vya tumbo. Nilikuwa navyo siku ile. Niliificha nyama yako kwa sababu ya vidonda, na ya nyumba tano kabla yako niliificha vilevile, ilikuwa ndani ya kifuko kile kile. Niliona aibu kusema. Nikijulikana ni mgonjwa wa tumbo nani ataniita kupika? Ndiyo hiyo. Hakuna neno lingine."

 Halafu sauti ya mama mmoja ikatoka pembeni, "Na hivyo vidonda vilitoka wapi?" Nilijua litakuja, na lilikuja.

"Evaline," Bernadina alisema, "mwanangu, waambie. Mimi nimekuruhusu."

Evaline akajifuta uso kwa kiganja. "Mama alikuja zahanati mwezi wa tisa mwaka juzi. Miezi mitatu kabla ya Noeli ile. Nimeandika mwenyewe kwenye rejista. Vidonge vya maumivu na kukaa bila kula ndivyo vilivyomharibu. Chakula cha mtu hakihusiki."

Nilitegemea Scolastica atalia, au atamkumbatia, kama inavyokuwa kwenye mahubiri. Hakufanya hivyo. Alikasirika. Sijawahi kuona mwanamke amekasirika vile akiwa na kanga mpya.

"Mwaka mzima!" alisema. "Tumbo! Ungesema neno moja tu, tumbo, ningekupa viazi. Viazi ninavyo! Nimemwaga mtindi mimi, nimewapa nguruwe wa watu mtindi wangu, mtoto wangu amekaa na sherehe ya viti vitupu, kwa sababu wewe unaona aibu ya tumbo? Nani hana tumbo hapa? Nani?" Akawageukia wote. "Na nyinyi mliomwamini mbwa!"

Akaichukua ile sahani ya nyama mapajani mwa Bernadina, akaiweka mikononi mwa Onesphory. "Wewe kula hii." Kisha akamwambia Bernadina, "Kaa hapo hapo. Usiinuke."

Akaingia jikoni. Tulisikia sufuria zinagongana. Alikawia, kwa kweli alikawia sana, tukajua anachemsha upya. Wengine walianza kusogea kuelekea njiani. Felician, kaka yangu, ambaye kwa kawaida haongei mbele ya watu, alikwenda akasimama kwenye mlango wa ua. Hakumzuia mtu. Alisimama tu, na watu wakarudi kukaa.

Scolastica akatoka na bakuli. Viazi vitano vya kuchemsha, kipande cha boga, chumvi kidogo, hakuna mafuta. Akampa Bernadina mikononi.

"Nesi, vinafaa hivi?"

"Vinafaa mama. Ila ale polepole."

"Umesikia? Polepole. Sisi tutakungoja."

Bernadina akaanza kula. Wapendwa, hamjawahi kumwona mtu anakula kwa masharti ya zahanati mbele ya watu arobaini. Alikata kiazi kwa vidole, akatafuna, akatafuna, akameza, akapumua. Kuku wakapita. Jua likasogea. Alipofika kiazi cha tatu Onesphory, sahani ya nyama bado mkononi, akatazama saa yake na kukohoa.

"Mama Scolastica, tunakushukuru, ila tuna nyumba saba mbele na ratiba—"

"Mimi nimengoja mwaka mzima, mwenyekiti. Wewe huwezi kungoja viazi viwili?"

Mtu akacheka, kisha wengine. Onesphory akaitazama ile sahani ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka. Nadhani alikuwa na njaa ya kweli, maana yeye ni mtu wa kutembea mbele na kula mwisho. Akachukua ubavu mmoja, akauma. Akatafuna. Akachukua wa pili. "Chumvi imekaa vizuri," alisema, kama mtu anayesoma taarifa.

Baada yake yule mzee aliyekatazwa na daktari aliomba mbavu. Kisha benchi la wanawake. Nami nilikula, tumbo limejaa mpaka shingoni, nilikula kipande kimoja bila sala ile mbaya ya moyoni. Si wote waliokula. Wanawake watatu walishikilia kwamba wameshiba, na mmoja wao mpaka leo hanunui mtindi kwa Scolastica. Siwezi kuandika kwamba kila kitu kilipona, maana hakikupona.

Nyumba saba zilizobaki hatukuzimaliza. Tulifika tatu, giza likatishia, Onesphory akafunga daftari kwa uchungu. Katika zote tatu Scolastica alitangulia mbele yetu, akiingia tu mlangoni anatangaza kwa sauti, "Huyu dada Bernadina ana vidonda, asipewe nyama, mpeni kiazi au mpeni maji ya moto!" Bernadina akawa nyuma yake ameinamisha kichwa. Siri ya mwaka na zaidi ilitembea kata nzima kwa jioni moja. Na kweli, familia mbili zilizokuwa zimemwomba apike harusi za Januari zilituma ujumbe kwamba wamepata mtu mwingine. Hawakusema sababu. Tulizisoma zile meseji pamoja, mimi na yeye, tukiwa tumekaa kitandani kwake na miguu yetu ndani ya beseni moja la maji ya moto.

"Pole wifi," nilimwambia.

"Acha," alisema. "Nimechoka. Wapike na wao."

Kuanzia siku ile mpaka baada ya Mwaka Mpya alikula chakula cha mchana kwa Scolastica, kila siku, uani, mahali wapita njia wanapomwona. Hawakupanga. Siku ya kwanza alikwenda mwenyewe saa saba na dawa yake ameshameza, akakaa kwenye benchi, na Scolastica akamletea bakuli. Kesho yake hivyo hivyo. Nilimsindikiza mara mbili. Hawaongei sana. Scolastica bado ana hasira, inamtoka kidogo kidogo, anasema "umebakiza" au "hujatafuna hicho", na Bernadina anatafuna tena. Wapita njia wanasalimia, wanaangalia bakuli, wanaendelea na safari. Juzi mmoja wao aliingia na kidumu, akaomba mtindi nusu lita. Scolastica alikwenda kumpimia. Bernadina hakugeuka kumtazama ni nani. Alikuwa na kiazi kimoja kimebaki, na alikuwa bado anatafuna.